Vidole vyangu vilikataliwa Babati: pasipoti, kibali cha India na msimu wa vitunguu swaumu

Wakuu, habari za saa hizi. Shikamooni mlionizidi umri, na wengine wote salama.

Ninayoyaandika yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu majirani zangu nao wana simu na wanasoma humu.

Nianze na swali lililoninyima usingizi kwa wiki nyingi. Swali lenyewe lilikuwa hili: je, kile kioo kitanijua?

Kila nikifumba macho nilijiona nimefika uwanja wa ndege wa nchi ya watu. Ndani ya uwanja kulikuwa na ukungu kama wa kwetu asubuhi, ule unaoshuka mpaka huoni zizi la ng'ombe. Watu wanapita kimya na mabegi yao. Nafika mbele, naweka vidole juu ya kioo chenye mwanga wa kijani, na ofisa ananiangalia kwa upole kabisa, halafu anasema hapa hakuna mtu. Kisha anamwita aliye nyuma yangu.

Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniogopesha. Angenifokea ningejua nimekosea wapi.

Sasa nieleze nilifikaje huko.

Mimi ni binti wa Bashay, Mbulu. Nimesoma mambo ya usindikaji wa chakula, nikamaliza chuo, nikarudi nyumbani kusubiri kazi kama wengi wenu humu. Nyumbani tupo wawili, mimi na mama, tangu baba alipofariki. Tunalima mahindi, maharage na vitunguu swaumu. Swaumu ndiyo inayotuweka mjini, kama wasemavyo vijana, ingawa mji wenyewe hatupo.

Nikiwa nasubiri, niliomba mafunzo ya miezi mitatu India, ya kukausha na kufungasha viungo. Niliomba kwa sababu fomu haikuwa na pa kusema hapana. Miezi ikapita, nikasahau, kisha siku moja nikiwa shambani nikapata email kwamba nimechaguliwa.

Masharti yalikuwa mawili. Nitume namba ya pasipoti na kibali cha kuingia kabla ya tarehe waliyoipanga. Nikichelewa, nafasi inakwenda kwa mtu anayefuata kwenye orodha yao.

Huyo mtu anayefuata nilimuwaza sana, wakuu. Nilimpa sura, nikampa mpaka koti la mvua la bluu. Niliona ameshafungasha begi lake na amekaa juu yake, ananisubiri nikosee.

Basi nikaamua kutokosea.

Pasipoti yetu inataka picha yenye nyuma ya bluu. Kibali cha India kinataka picha yenye nyuma nyeupe. Jambo dogo, lakini mimi nililala nalo na kuamka nalo. Nyeupe ya namna gani? Shuka ya mama ilikuwa nyeupe zamani. Ukuta wa kanisa ni mweupe lakini una kivuli cha mti. Mwisho nilipigwa picha mbele ya ubao wa chokaa kwenye studio ya Mbulu mjini, mpiga picha akiniambia mara kadhaa nilegeze uso, kwamba ninaenda kusoma, siendi kuzikwa.

Cheti cha kuzaliwa nilikiscan mara tatu kwa sababu kona moja ilionekana na kivuli. Cha mama pia. PDF zote nilizipa majina yanayoeleweka. Nilijibu barua ya mwaliko, nikairudia kuisoma kwa sauti, nikaangalia kama kuna koma iliyozidi.

Yaani wakuu, niliwaza kila kitu isipokuwa vidole vyangu.

Siku ya kwenda Babati kuwasilisha maombi ya pasipoti, nilivaa gauni la mahafali. Karatasi zilikuwa kwenye bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya begi. Ofisini walinipokea vizuri. Dada mmoja wa makamo akapitia karatasi moja moja, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Nikahisi kama mwanafunzi aliyepata zote.

Kisha akasema niweke vidole kwenye mashine.

Nikaweka. Taa nyekundu. Akafuta kioo kwa kitambaa, nikaweka tena. Nyekundu. Akanipa kitambaa nifute mikono, tukajaribu mkono wa kushoto, tukajaribu gumba peke yake, akanibonyeza kidole kwa kidole chake. Nyekundu.

Akageuza viganja vyangu juu akaviangalia.

"Dada, unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nimemaliza chuo.

"Sijakuuliza umesoma nini."

Nikasema swaumu. Tumeanza kuvuna za mwanzo.

Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema msimu huu watu wa kule milimani kwetu wanamsumbua sana na vidole vyao. Akaniambia nirudi nyumbani, nisiguse swaumu kabisa, nipake mafuta, nije ngozi ikirudi. Karatasi zangu akaniambia zipo sawa, nizitunze.

Kwa wasioijua kazi hii: swaumu unaing'oa kwenye udongo mkavu, kisha unakata mizizi, unakata majani, unamenya ganda la nje lililoshika udongo. Maji yake yanachoma. Ukishinda nayo siku nyingi, ncha za vidole zinababuka, zinakuwa laini kama karatasi ya nailoni. Ile michoro midogo tuliyoumbwa nayo inalala.

Na dalili nilikuwa nazo. Simu yangu ina lock ya kidole, na tangu mavuno yaanze ilikuwa inanikataa. Nikadhani imezeeka, nikawa naweka PIN. Laini ya mama imesajiliwa kwa jina langu kwa sababu vidole vyake havikuwahi kusoma. Nililijua hilo miaka yote. Sikuwahi kuliunganisha na mimi, kwa sababu kichwani mwangu yule alikuwa mkulima, na mimi nilikuwa mtu aliyekuja kumsaidia.

Kwenye basi la kurudi niliegemea dirisha. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa wingu mpaka kiunoni, unaonekana kama umekaa tu hewani, hauna chini. Nikawaza: kumbe mtu anaweza kuwa na cheti, na degree, na jina kwenye email ya India, na bado asiwe na chini.

Nilipofika nilimsimulia mama. Akakichukua kisu changu cha kukatia mizizi, akaingia ndani, akatoka na kopo la samli.

Kuanzia siku hiyo sikugusa kitu. Asubuhi samli, jioni samli. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, viganja vimetazama juu, nikimwangalia mama akipita na karai kichwani. Moshi wa jiko unatoka, ukungu unaingia, na mimi katikati nimekaa kama kitu kilichosahauliwa na wageni.

Kwetu anayekaa ndani na kupewa samli msimu wa kazi ni mmoja tu, mama aliyejifungua. Kwa hiyo jirani yetu Mama Paskali alipopita na kunikuta hivyo, alisimama.

"Hongera mzazi. Mtoto yuko wapi?"

Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia, akachungulia ndani kana kwamba anatafuta kitanda cha mtoto.

Mama akamjibu kutoka zizini kwamba mtoto yupo India, nakwenda kumchukua.

"Basi amnyonyeshe vizuri," akasema Mama Paskali. "Baba wa India hataki mtoto mwembamba."

Habari ikatembea. Watoto wakawa wanakuja kuangalia viganja vyangu. Na watu wazima wakaacha kunipa mkono.

Hili nalo nilieleze. Kwetu ukiwa na mkono mchafu wa kazi na mtu anataka kukusalimia, humpi kiganja. Unakunja ngumi kidogo, unampa kifundo cha mkono, naye anakishika hicho. Ni heshima, usimchafue mwenzako. Sasa wote wakawa wananipa vifundo, ili swaumu yao isiniguse. Hata mama. Asubuhi nikimwamkia ananipa kifundo, ananitazama vidole, anaondoka.

Walifanya kwa upendo. Lakini ukipewa vifundo siku nyingi mfululizo unaanza kujiona mgeni.

Halafu likaja jambo lililonitia wasiwasi kuliko mashine.

Upande wetu wa kilima swaumu tunang'oa kwa kusaidiana. Leo nyumba hii, kesho kutwa ile. Nyumba yenye watu wazima wawili inatoa wawili. Ukitoa mmoja hakuna atakayekusema usoni, watakula na wewe na kucheka na wewe, ila siku yako ikifika nao watakuja kwa uzito uleule. Na swaumu ikichelewa ardhini inafumuka, punje zinaachana, hakuna mnunuzi anayeitaka.

Mama akawa anakwenda peke yake. Anarudi kashika kiuno. Na zamu yetu ilikuwa ya mwisho.

Nikaanza kuwaza kama kawaida yangu. Nikienda kung'oa, vidole vinakufa na yule mtu wa koti la bluu anapanda ndege yangu. Nisipokwenda, shamba letu linaharibika na mama anabaki na hasara mimi nikiwa kwenye darasa lenye feni. Nikawaza glovu. Nikawaza kufunga vidole kwa plasta. Nikawaza kuandika India kuomba wasogeze tarehe, nikaandika kabisa, nikaifuta. Niliiandika tena kwa lugha ya unyenyekevu zaidi, nikaifuta.

Jibu lilikuja bila kuitwa. Asubuhi ya zamu ya Mama Paskali niliwaona vijana wake wawili wanatoa ng'ombe kwenda kuchunga, wakati shamba lao ndilo lililohitaji mikono. Nikainuka kwenye kigoda. Nikamwambia Mama Paskali awaache vijana wang'oe, ng'ombe nitachunga mimi.

Akaniangalia miguuni mpaka kichwani.

"Msomi, ng'ombe hawajui Kiingereza."

Nikasema nitajaribu Kiswahili.

Hapo ndipo kazi yangu ilipopatikana. Kila nyumba yenye zamu nilichukua ng'ombe wao nikachanganya na wetu, na wachungaji wao wakaingia shambani. Nyumba yetu ikahesabika imetoa wawili.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi siku zile. Sikuwa mchungaji mzuri. Kulikuwa na jike moja jeusi la Mama Paskali lililoamua kwamba mimi si mtu wa kusikilizwa, likawa linakwenda linakotaka nami nafuata. Tulipanda mpaka juu ambako nyasi zinabaki na unyevu hata kiangazi. Ukungu ukifumuka unaona bonde lote, paa za bati zinawaka moja moja, na mbali kabisa Hanang, safari hii na miguu yake yote. Upepo unapita kwenye nyasi kama mtu anayetafuta kitu taratibu. Sikusikia redio wala jina langu likiitwa. Nilikaa juu ya jiwe, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa nawaza chochote.

Nilitoa simu kuangalia kama juu kule kuna network. Bila kufikiri nikaweka gumba.

Ikafunguka.

Nikaifunga. Nikaweka tena. Ikafunguka. Nilirudia mpaka lile jike jeusi likaacha kula likaniangalia.

Niliporudi Babati, yule dada alinikumbuka. Safari hii taa ilikuwa ya kijani, vidole vyote kasoro kimoja cha mwisho kilichohitaji kubembelezwa. Pasipoti ikatoka kwa wakati wake. Nilipoishika niliinusa. Msiniulize kwa nini.

Kibali cha kuingia India nilikijazia kulekule juu kwa ng'ombe, kwa sababu nyumbani network inakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua alale wapi. Fomu yake ni ndefu. Wanauliza dini. Wanauliza alama inayoonekana mwilini, nikaandika kovu la jembe gotini, kisha nikawaza nusu saa kama goti linahesabika kuwa linaonekana. Wanauliza kama babu na bibi zako walikuwa raia wa Pakistan au waliishi huko. Babu yangu safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Masakta, wilaya ya jirani tu, kumfuata ng'ombe aliyepotea, na alikaa akiisimulia mpaka anakufa. Nikajibu hapana, lakini nilimwona babu amevaa kilemba, amekaa kwenye treni ya mbali na fimbo yake, anauliza abiria kama wamemwona ng'ombe wake. Nikacheka peke yangu.

Nikafika mwisho. Picha ya nyuma nyeupe imekubali. PDF ya pasipoti imekubali. Kilichobaki ni kutuma.

Nikashindwa.

Shida yangu ilikuwa hii: kibali chenyewe hakishikiki. Kwetu kitu cha maana kinakunjwa, kinawekwa ndani ya Biblia, Biblia inawekwa kwenye sanduku. Hiki kinakaa hewani mahali fulani, watu nisiowajua wanakifungua na kukifunga. Nitavukaje bahari na kitu ambacho kikipotea sitasikia hata kishindo?

Nikamwandikia Martina. Huyu nilisoma naye chuo, kwao ni Katesh, Jorodom. Tope la Mlima Hanang liliposhuka liliingia nyumbani kwao. Watu walitoka, lakini sanduku la karatasi lilienda lote: vyeti, hati ya kiwanja, picha za harusi za wazazi. Cheti chake cha sekondari kilipona kwa sababu aliwahi kukipiga picha na kujitumia kwenye email, basi tu.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa kifupi: "Wewe unaogopa kwa sababu hakishikiki. Mimi ndicho ninachokipendea. Tope nalo halikishiki."

Nikaisikiliza mara mbili. Nikatuma.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa juu kulekule email ikaingia. Status: Granted. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilipogeuka lile jike jeusi lilikuwa limeingia kwenye maharage ya watu, na mwenye maharage anakuja. Furaha yangu yote ya kimataifa niliitumia kuomba radhi.

Kwa hiyo kwa wale mnaojiandaa, haya ndiyo niliyojifunza kwa njia ndefu. Kabla ya picha na PDF, angalia mikono yako. Kama unafanya kazi ya swaumu, simenti, sabuni kali au kuchonga mawe, anza kuipumzisha mapema. Kibali kihifadhi kwenye email, kwenye simu, na ukichapishe, ili roho yako ipate cha kushika. Na ile kazi unayodhani inakuzuia kwenda, angalia kama hakuna upande wake mwingine unaoweza kuufanya.

Waliowahi kuingia India kwa kibali hiki, naomba mnisaidie jambo moja: pale uwanjani wakichukua alama za vidole, na kidole kimoja kikigoma, wanakufanyaje? Andikeni hapa chini, hata mstari mmoja. Nitasoma nikipata chaji.

Maana swali halijaisha, wakuu. Nimejifunza kutembea nalo tu.

Naandika nikiwa Karatu, nasubiri gari la Arusha. Nimeondoka nyumbani leo asubuhi, na leo ndiyo ilikuwa zamu yetu ya kung'oa.

Walikuja wote. Sikutegemea. Kila nyumba niliyochungia ilileta watu, na Mama Paskali alileta mpaka mkwe wake. Nilipita kando ya shamba na begi mgongoni, ukungu bado haujaondoka, watu wameinama kwenye mistari kama wanaongea na ardhi. Harufu ya swaumu mbichi ilikuwa imejaa hewa yote.

Wakanyoosha migongo kuniaga. Kila mmoja akanipa kifundo chake. Mama Paskali akasema nimsalimie baba wa mtoto.

Mama alikuwa mwisho wa mstari. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa udongo, na kucha zimelowa maji ya swaumu. Akakunja ngumi, akaninyooshea kifundo kama walivyofanya wengine.

Nikakiangalia. Niliwaza kioo cha kijani. Niliwaza yule ofisa mpole, na yule mtu wa koti la bluu.

Kisha nikashusha begi, nikaufungua mkono wake, nikaushika kiganja kwa kiganja.

"Acha," akasema. "Hivyo vidole ni vya India."

Sikuacha. Akajaribu kuutoa mara moja, halafu akatulia, akanibana mpaka nikahisi ile michoro isiyosomwa na mashine yoyote.

Gari likapiga honi barabarani, nikaenda.

Kuna bomba la maji hapa stendi. Mkono wa kulia sijaunawa.